Ubao wa Buna

Jioni ile nilitumwa kazi ya kitoto. Mjomba Tokuji alinifungia vipande viwili vya mochi, keki ya mchele, kwenye karatasi, akaniambia nivipeleke kwenye kijumba cha tambiko cha Junisama, pale chini inapoanzia lifti ya viti ya kupandisha watu mlimani. Niviweke, niiname, nirudi.

"Usipande juu," alisema. "Leo tarehe kumi na mbili."

Utadhani sijui! Kijijini kwetu mtoto hajaota meno ameshaambiwa: tarehe kumi na mbili ya mwezi wa pili, Junisama, mwenye mlima, huhesabu miti yake. Jua likizama ukiwa msituni, anakuhesabu na wewe. Alichokihesabu hakishuki. Siku hiyo wawindaji hubaki nyumbani wakinywa, na duka letu la mbao za kutelezea kwenye theluji hufungwa. Lifti tu ndizo hufanya kazi, maana wenye lifti ni watu wa Tokyo.

Nilikuwa na miaka ishirini na saba, na hayo yote niliyaona upuuzi mtupu. Upuuzi mkubwa kuliko wote ulikuwa samaki. Mjomba ana okoze mkavu, samaki mwenye mdomo uliopinda na kichwa cha manundu, na humtia mfukoni kila aendapo kuwinda. Eti Junisama ana sura mbaya na wivu mwingi, kwa hiyo akiona kitu kibaya kuliko yeye hufurahi, akakiacha kipite. Mzee mzima, samaki kifuani! Nilimcheka mbele ya wateja.

Mlangoni alinivuta koti, akanifunga zipu mpaka kidevuni kana kwamba nina miaka mitano. Kisha akaona nilichobeba kwapani.

"Chukua ubao wowote, Yusaku. Huo uache."

"Naenda kuupaka nta tu, mjomba."

Uongo. Ubao ule aliuchonga mwenyewe miaka thelathini iliyopita, kwa mti wa buna alioukata huko huko msituni kwa Junisama. Pua yake pana huelea juu ya theluji laini kama unga. Mkia ni mfupi kidogo lakini umeinuka, ili ukitua kinyumenyume usichimbe. Unapinda katikati, ncha zake ngumu. Nilikuwa na sababu ya kuuchukua, na sababu yenyewe ilikuwa imesimama kwenye foleni ya lifti, imevaa miwani ya bei mbaya.

Daktari Nishiwaki, wa meno. Kila Jumamosi alikuja kutoka Tokyo na mbao nne juu ya gari: mmoja wa uwanja wa miruko, mmoja wa theluji unga, na mbili sijui za nini, labda za kupigia picha. Hakuweza kuteremka mteremko wa watoto bila kupiga kelele. Majira yote ya baridi alikuwa akinisema dukani kwamba ubao mmoja hauwezi kufanya kazi zote mbili, miruko na unga.

"Ah, fundi!" aliita. "Bado unatembea na ubao mmoja? Umaskini au ukaidi?"

"Daktari, wewe una nne na huwezi kupanda hata mmoja."

"Nionyeshe basi. Wa miruko uwe na ncha zinazolingana, mfupi, mlaini. Wa unga uwe mrefu, pua pana, miguu nyuma. Huo wako ni nyumbu tu, si punda si farasi."

Watu kwenye foleni wakacheka. Nikaitupa mochi kwenye ngazi ya kijumba. Sikuinama. Tukapanda lifti ya mwisho.

Kwenye uwanja wa miruko niliruka vilima vyote vitatu. Cha mwisho nilitua kinyumenyume, kimya, ubao ukashika theluji bila kuyumba. Nilimwona Nishiwaki amenuna, na raha niliyoisikia siwezi kuificha.

"Sawa, hiyo ni miruko," alisema. "Na unga?"

Unga ulikuwa upande wa pili wa kamba ya kuzuia watu, kwenye msitu wa buna. Jua lilibaki kidole kimoja juu ya mlima.

Nikainua kamba.

Theluji ilinifika magotini na ubao haukuzama. Nilipita kati ya miti bila kuugusa hata mmoja. Nilikuwa nacheka kwa sauti. Halafu jua likazama, na ubao ukasimama.

Mteremko mkali. Theluji laini. Na ubao umesimama tuli...

Nikasikia mtu akigonga. Tap. Kama kidole kikavu kwenye gome. Tap.

"Elfu moja mia nne na tatu."

Sauti ya bibi, iliyochoka, ya mtu anayehesabu kabichi zake shambani. Tap. "Elfu moja mia nne na nne." Hewa ikanuka utomvu na majivu yaliyomwagiwa maji. Nilitaka kuchomoa miguu kwenye vifungo vya ubao, vidole havikunisikia. Baridi ilikuwa inanipanda kutoka kwenye ubao, kupitia nyayo, mpaka magotini, na magoti yalikuwa yanakauka kama gogo.

Tap. Mti wa nyuma yangu. "Elfu moja mia nne na tano."

Kitu kiliinama kifuani pangu. Sikukiona. Nilisikia kikinusa, pole pole, pale penye mfuko wa ndani.

Kikacheka.

Kicheko kifupi cha puani, cha mtu aliyesikia umbea mtamu. Kisha tap, kwenye mti wa mbele yangu. "Elfu moja mia nne na sita." Nami magoti yakalegea, vidole vikarudi.

Nilikuwa nimerukwa katika hesabu. Lakini mimi, katika hofu yangu, niliona jambo moja tu: nimesimama juu ya mti wake, na atarudi kuutafuta.

Nishiwaki akatokea kati ya miti, anahema, theluji mpaka masikioni. Hakuwa amesikia kitu.

"Aisee, Yusaku." Kwa mara ya kwanza aliniita kwa jina. "Unaelea kweli. Nipe nijaribu. Mpaka barabarani tu."

Sauti ilikuwa imefika mbali, chini ya bonde. "Elfu moja mia nne na thelathini..." Ikanyamaza. Ikasema, kama aliyekosea hesabu: "Mmoja umepungua."

Nilijua. Naandika waziwazi: nilijua. Nilimtazama mtu yule na miwani yake, nikawaza, nani atamlilia huyu?

"Chukua," nikasema.

Nilimfunga vifungo mimi mwenyewe. Niliupanda ubao wake na kuteremka bila kugeuka. Nyuma yangu nilimsikia akisema, kwa mshangao tu, "Mbona hautembei?"

Tap.

Polisi walitafuta siku nne, wakaandika kwamba amefukiwa na theluji. Mwezi wa tano, theluji ilipoyeyuka, mjomba alinipandisha juu. Palikuwa na buna mahali ambapo hapakuwa na buna. Gome jipya, la kijivu. Chini ya shina palikuwa na vifungo viwili, vimekazwa kama nilivyovikaza, na mizizi imepita ndani yake.

Mjomba alikaa kitako. Akaniambia nimpe koti langu la baridi, lile nililolivaa siku ile, nililokuwa nimelibeba begani. Akatia mkono mfuko wa ndani, ambao mimi huwa siutumii, akamtoa okoze.

"Alicheka?" aliuliza.

"Alicheka."

"Kabla hujampa ubao, au baada?"

Nikavitazama vile vifungo.

"Kabla."

Alimfuta samaki vumbi kwa kidole gumba. "Basi ulikuwa umeshapita," alisema. "Ungemwambia tu asimame nyuma yako, samaki angetosha, mngeshuka wote wawili."

Hakunikemea. Hajawahi kunikemea.

Mwaka uliofuata, tarehe kumi na mbili, alinifungia mochi kwenye karatasi kama kawaida. Nilisimama mlangoni nikisubiri anifunge zipu. Hakunigusa. Nikamwomba samaki, nikamwomba kwa adabu, nimeinama mpaka kiunoni.

Mjomba alinitazama usoni, akaugeuza uso wake ukutani.

"Nenda tu," alisema. "Wewe humhitaji tena."

Niliweka mochi pale kijumbani, nikainama. Kutoka juu msituni, mbali, nilisikia mtu akihesabu. Alipofika kwangu alicheka, na mfukoni sikuwa na kitu.