Niliikuta Kapoti Sakafuni

"Apollinaire… kapoti iko wapi?"

Akacheka. Jamani, alicheka!

Nikaangalia chini. Ile kapoti, kondomu niliyomvalisha kwa mikono yangu mwenyewe, ilikuwa sakafuni, karibu na viatu vyake. Aliivua kimyakimya, na mimi sikujua mpaka alipomaliza.

"Ulitoa saa ngapi?!"

"Acha makelele, Kasoki. Siye tunajuana, sha."

"Tunajuana wapi? Ulikubali kuvaa!"

"Kwani weye njo muke wangu?"

Akavaa shati, akarudi kwenye lori lake la maharagwe. Mchana kweupe, mvua inapiga mabati, na mimi nimebaki kitandani.

Najua mnauliza mimi ni nani. Mume wangu, Barthélemy, aliuawa vita vilipofika kijijini kwetu, Kirolirwe. Tukakimbilia kambi ya hapa Mweso: mimi, watoto wawili, na mama mkwe wangu, Mama Joséphine-Marie, mwimbaji wa kwaya ya Wakatoliki. Nilimwambia nafua nguo za watu. Uongo! Nilikuwa na chumba nyuma ya baa ya pombe ya ndizi, na chumba hicho ndicho kilichotulisha.

Hélène, mwenzangu wa kazi hiyohiyo, ambaye ndiye aliyetugawia kapoti, akanikuta nalia.

"Kimbia ku kituo ya afya leo leo! Kuko dawa ya kuzuia virusi ya SIDA. Siku tatu zikipita, haifanye tena kitu!"

"Siendi."

"Juu ya nini?!"

"Muganga wa pale njo Libérata. Anaimbaka na mama mukwe wangu. Atamuambia yote!"

"Basi kufa na heshima yako!"

Na kweli sikwenda. Mnanishangaa? Hata mimi najishangaa. Kesho yake nilifika hadi getini, nikamwona Libérata anaongea na akina mama wa kwaya, nikapitiliza sokoni. Nilinunua vitunguu, jamani! Vitunguu ambavyo nyumbani vilikuwepo.

Siku ya tatu, asubuhi, nikiwa naosha sahani…

"Kasoki, funga kitambaa. Tunaenda."

"Wapi, Mama?"

"Ku kituo ya afya. Hélène alikuya. Ameniambia yote."

Nilitamani ardhi inimeze! Njia nzima mama alitangulia, na mimi nilimfuata macho yakiwa chini. Kila aliyetusalimia nilihisi ameshajua.

Tulipoingia, Libérata akainua kichwa. Hakunitazama mimi. Alimtazama mama!

"Mama Joséphine-Marie! Leo umewahi. Kapoti za hii wiki sijazitayarisha."

Nini?!

"Leo sikuye juu ya kapoti," mama akajibu. "Nimeleta mutoto wangu. Mupe dawa mbio, siku ya tatu iko inaisha."

Nikakaa kwenye benchi bila kukaribishwa.

Kumbe kapoti zote ambazo Hélène alikuwa akitugawia zilitoka kwa mama! Hélène naye alikuwa anaogopa lile geti kama mimi. Mjane mzee, mtu wa kwaya, ndiye aliyekuwa anapanga foleni kila wiki, vijana wakimcheka: "Mama muzee, uko na wanaume ngapi?" Na alivumilia yote.

"Mama… ulijua tangu lini?"

"Weye unafuaka nguo za watu kila siku, na mikono haijapasuka hata kidogo. Unafikiri niko kipofu?"

"Na hukuniambia kitu!"

"Ningesema, ungetoroka. Barthélemy walimuua. Niko na mutoto gani mwingine, kama siyo weye?"

Nililia mbele ya watu wote. Libérata akanifungulia chupa ya dawa, akanipa na maji, wala hakuniuliza neno la kunidhalilisha. Mtu niliyemkimbia siku zote hizo!

Nilimeza zile dawa mwezi mzima. Kichefuchefu kilinitesa, mama akawa ananikorogea uji wa mtama. Nilipimwa, nikapimwa tena baada ya miezi mitatu, na sikuwa na virusi vya UKIMWI. Apollinaire naye, tulimtangaza kwa wanawake wote wa baa. Hapati chumba.

Mnadhani aibu imeisha? Haijaisha. Ila siyo ile ya kwanza. Naona aibu kwamba mama yule alichekwa kila wiki kwa ajili yangu, wakati mimi nilikuwa tayari kufa ili nisichekwe mara moja.

Dada yangu unayesoma hapa, mvalishe mwanaume kapoti mwenyewe, na uangalie mpaka mwisho. Ikipasuka au akiivua, nenda kituo cha afya siku hiyohiyo. Usingoje ya tatu kama mimi!

Wiki hii kapoti nimekwenda kuchukua mwenyewe. Mama alitaka kunisindikiza. Nikamwambia apumzike, najua njia.