Kobe Alilala na Kiatu

Kila Jumamosi asubuhi, Kidole alifagia ua kabla ya kunywa chai. Shuleni alikuwa na jina zuri, refu, lakini nyumbani Bibi alimwita Kidole, kwa kuwa hapakuwa na kitufe wala kifuniko ambacho kidole chake hakijakigusa.

"Mtoto huyu angezaliwa nyuki," Bibi alipenda kusema, "angejichoma mwenyewe ili ajue inavyouma."

Pembeni mwa ua, chini ya paa la mabati, alikaa Kobe. Kobe alikuwa gari lililobeba nyumba mgongoni: vitanda viwili, jiko dogo, friji ya kimo cha mbuzi na kabati la nguo. Mwenyewe alikuwa Shangazi, mwalimu wa udereva, na alimtoa wakati wa likizo ndefu tu, kumpeleka Bibi kwa dada yake anayeishi mbali. Miezi mingine yote Kobe alilala.

Alikuwa na betri mbili. Moja iliwasha injini, na nyingine ilihudumia nyumba: taa, redio, pampu ya maji na friji. Fundi betri wa mtaani, ambaye wote walimwita Mzee Chaji, alimweleza Shangazi kwamba betri isiyotumika huisha polepole hata gari likiwa limezimwa. Kwa hiyo safari zikiisha, betri ya nyumba ijazwe chaji, kisha waya wake mweusi uondolewe. Kichwa cha waya ule kilikuwa cha chuma, nacho kiliibana betri kama kiatu kinavyobana mguu. Basi pale nyumbani walisema "kumvua Kobe kiatu". Kazi hiyo alipewa Kidole, na safari zilipoisha aliifanya vizuri kabisa.

Shida ni kwamba kidole hakilali.

Alasiri moja ya mvua, rafiki yake aitwaye Mcheko alikuja kucheza. Waliingia ndani ya Kobe, wakajifanya abiria, wakajifanya wauza duka, lakini bila redio mchezo ulipooza. Kidole akachukua spana, akamvisha Kobe kiatu, na redio ikaanza kuimba. Walicheza wakafungua kila droo na kila mlango, wakabonyeza kila kitufe. Mama yake Mcheko alipoita, walizima redio wakatoka mbio. Kiatu kikabaki mguuni.

Kidole alikumbuka kesho yake akiwa darasani, akajiambia angekivua jioni. Jioni ilikuja na mambo yake. Baadaye akasahau, kama mtu anavyosahau jambo asilopenda kulikumbuka.

Likizo ndefu ikafika. Siku moja kabla ya safari, Bibi alikuwa amekwisha kujifunga kitambaa kipya kichwani, akisema anakizoesha njia. Kidole alitumwa akamvishe Kobe kiatu. Alipofunua kifuniko cha betri alikikuta kimevaliwa, na moyo wake ukaanguka kama ndoo kisimani. Alikaza spana kidogo, kujifanya anafanya kazi, akarudi kana kwamba amemvisha sasa hivi.

Shangazi aliwasha injini, ikaitika. Akabonyeza swichi ya friji, kimya. Taa, kimya. Dawa ya sukari ya Bibi ilitakiwa kukaa kwenye baridi njia nzima; bila friji, hakuna safari. Bibi hakulalamika. Alifungua kitambaa chake kipya, akakikunja taratibu, akakiweka magotini. Kidole aliona afadhali angepigwa.

"Kidole, safari zilipoisha ulimvua Kobe kiatu?" Shangazi aliuliza.

"Nilimvua, Shangazi."

Na ilikuwa kweli. Alimvua. Ulikuwa ukweli uliovaa nguo safi, ila mfukoni ulikuwa umeficha uongo.

Mzee Chaji aliitwa. Alikuja na mkokoteni wake na kipimo chake, akapima, akatikisa kichwa. Alisema betri haina ugonjwa, imenyonywa tu.

"Imenyonywa na nani?" Shangazi alimkatiza. "Mtoto amesema alimvua, na mtoto huyu hanidanganyi. Sema tu uliniuzia betri chakavu."

Mzee Chaji alimtazama Kidole. Kidole akawatazama sisimizi, kana kwamba mmoja wao alikuwa amemwita.

"Kama mtoto amesema alimvua," mzee alisema polepole, "basi kosa litakuwa langu. Nitawaletea nyingine."

Akaipakia betri kwenye mkokoteni akaondoka. Watoto waliokuwa langoni walikuwa wamesikia yote, na kabla hajafika njia panda walikuwa wakiimba nyuma yake, "Mzee Feki, Mzee Feki!" Hakugeuka hata mara moja.

Mchana ule Kidole aliacha chakula sahanini. Bibi alimwita, akamwonyesha mahali pa kukaa mkekani.

"Nimesikia ulimvua Kobe kiatu," alisema. "Sina shaka. Nataka kujua kitu kimoja tu, mjukuu wangu. Alilala pekupeku?"

Kidole aliuchokonoa ukindu wa mkeka. Machozi yakatangulia maneno.

"Hapana, Bibi. Nilimvisha tena, tusikilize redio."

"Ahaa. Sasa mimi umeniambia bure, maana sikumtukana mtu. Aliyetukana yuko jikoni, na aliyetukanwa yuko kibandani kwake. Miguu unayo."

Njia ya kwenda jikoni ilikuwa fupi, lakini siku ile ilijivuta. Kidole alimweleza Shangazi yote bila kubakiza kitu. Shangazi aliepua sufuria. Kisha akaufuta mkono kwa kanga, akamshika Kidole, wakatoka pamoja. Alisema naye ana maneno ya kwenda kuyarudisha.

Walimkuta Mzee Chaji gizani, ingawa nje jua lilikuwa kali. Kibanda chake hakikuwa na dirisha. Taa yake ilitumia betri, na betri hiyo hiyo alikuwa ameifungua awape wao. Kidole alipoona hivyo, sauti ilimtoka nyembamba kama uzi.

"Nisamehe, babu. Betri yako haikuwa chakavu. Ni mimi."

Shangazi naye aliomba radhi, tena kwa sauti, mlangoni, ili walioimba njiani wasikie.

"Nilihisi," mzee alisema. "Lakini betri iliyokauka hailazimishwi chaji kwa pupa, itaungua. Huchajiwa polepole. Mtoto naye vivyo hivyo."

Safari ikasogezwa mbele. Betri ilipokuwa ikichajiwa, Kidole alishinda kibandani. Alifundishwa kusugua unga mweupe uliojikusanya kwenye vichwa vya betri, kuongeza maji ya betri, si ya bombani, na kuirudisha kwenye chaji kila mwezi hata kama gari halitembei. Mzee hakumficha: betri imepona, lakini imepoteza sehemu ya umri wake, na hiyo hairudi.

Siku ya kuifunga, Kidole alimvisha Kobe kiatu mbele ya wote. Friji ikanguruma. Hapo wakaona ufito wa mwanga chini ya mlango wa kabati la nguo, uliokuwa umefungwa. Bibi akaufungua. Kitaa kidogo kilikuwa kikiwaka katikati ya mablanketi, kama kilivyowaka tangu siku ile ya mvua hadi betri ikakauka.

"Kikulacho ki nguoni mwako," Bibi alisema, akacheka mpaka Shangazi akamshika asianguke. Alipopata pumzi, alimvuta Kidole karibu.

"Unaona, mjukuu wangu? Betri haikuuawa na redio. Imemalizwa na kitu kidogo kilichofichwa, kikala kidogo kidogo. Kosa lililofichwa hula vivyo hivyo. Lako lilianza kunila safari yangu, likamla mzee jina lake, na wewe likakula usingizi. Litoe mapema, lingali dogo."

Akajifunga kitambaa chake kipya, wakaondoka.

Likizo ilipoisha na Kobe kurudi chini ya mabati, Kidole alikuja mbio kwa Bibi.

"Bibi, amelala. Pekupeku."

"Na kabati?"

"Nimelichungulia."

"Na spana?" Bibi aliuliza, kiganja kikiwa wazi tayari.

Kidole akatabasamu, akaitoa mfukoni.