Mkono wa Wanjira na Kijembe Chake

Mwaka wa 2006, Wanjira na mumewe Gerishon, wazazi wa Lornah, walikuwa na kitalu cha miche kando ya barabara, katika mtaa wa Karen. Gerishon alimwagilia maji. Wanjira alipalilia na kuchanganya udongo na mbolea kwa kijembe cha mkono. Mpini wake ulikuwa wa chuma, mwembamba kama kidole.

Mkono wa Wanjira ulianza kuuma. Kidole gumba kilivimba. Asubuhi moja sufuria ya uji ilimponyoka, uji wa moto ukamwagika karibu na miguu ya Gerishon.

"Ni baridi tu," Wanjira alisema.

"Hapana, Mama Lornah. Tufunge kitalu. Nitatafuta kazi ya mjengo, nijenge nyumba za watu," Gerishon alisema.

Wanjira alilia. Miche ile aliiotesha mwenyewe.

Jumapili, baada ya kanisa, jirani yao Peres alikuja kuwaona. Peres alifanya kazi katika kliniki moja mtaani Hurlingham, akiwasaidia watu wenye maumivu ya viungo. Wanjira alimpa mkono wa kushoto.

"Mama Lornah, leo unanisalimu kwa kushoto?" Peres alishangaa. "Kuna nini?"

Wanjira alimwonyesha mkono. Peres aliugusa polepole, kisha akaomba kuona kijembe.

"Mpini huu ni mwembamba mno," alisema. "Ili usiteleze, unaukaza sana. Ukikaza vidole siku nzima, viungo vinaumia. Lakini kesho njoo kliniki kwanza. Kuna uvimbe mwingine ambao ni ugonjwa."

Daktari alimpima. Hakukuta ugonjwa mwingine. Alimwambia aupumzishe mkono mpaka uvimbe uishe.

Wakati huo Gerishon alishughulikia kijembe, kama Peres alivyomweleza. Alikata sponji ya godoro kuukuu, akaizungusha kwenye mpini. Juu yake akafunga mpira wa tyubu ya baiskeli, ili usiteleze. Kisha akanoa kijembe, kwa sababu kijembe butu kinataka nguvu nyingi.

Uvimbe ulipoisha, Wanjira alikishika, akacheka. "Baba Lornah, huu ni mpini ama ni chupa?"

Peres, aliyekuwa amekuja kumwona, pia alicheka. "Mpini ukiwa mnene sana, mkono utachoka vilevile. Punguza sponji. Vidole vizunguke mpini vizuri, bila kujikunja mpaka kwenye kiganja."

Gerishon alipunguza. Wanjira alishika tena, akapalilia kidogo.

"Inauma?" Gerishon aliuliza kwa hofu.

"Haiumi," Wanjira alisema. Akashusha pumzi ndefu. "Asante Mungu. Haiumi!"

Mvua za Aprili zilipofika, wateja walijaa kitaluni. Gerishon hakwenda kwenye mjengo. Alikuwa akibeba miche na kumchunga mke wake.

"Mama Lornah, pumzisha mkono!"

"Nimeupumzisha sasa hivi," Wanjira alijibu, akiinamia udongo. "Wewe hudumia wateja. Niache nifanye kazi yangu."