Tundu Kwenye Ukuta wa Ulan

"Baba, weka shoka chini!"

Mzee Sadyr hakumsikiliza mwanawe. Akapiga. Paneli ikapasuka, na povu gumu jeupe lililobanwa katikati ya mbao likamwagika uani.

"Nyumba gani hii? Boksi la friji!" akafoka. "Kitinda mimba anawatoroka wazazi wake akaishi kwenye boksi!"

Jamaa wa msaragambo wakashuka darini mmoja mmoja. Siku nne walikuwa wakimsaidia Ulan kuunganisha paneli zile, na mkoa mzima wa Naryn unajua kitinda mimba haondoki kwa wazazi. Yeye ndiye wa kuwalea na kuwazika. Nani angethubutu kuamua ugomvi huo?

"Sijatoroka, baba."

"Umetoroka kwa ajili ya mwanamke!"

Hapo mzee hakukosea sana. Gulzat, mke wa Ulan, alikuwa amerudi kwao tangu mzee alipomrushia bakuli la chai na kumpasua juu ya jicho. Alimwandikia mumewe ujumbe mmoja tu: "Nakupenda. Lakini nyumba ambayo hunikingi, sirudi." Leo alikuja kutazama. Alisimama langoni, hajaamua kuingia.

Mzee akainua shoka tena. Ulan akasimama mbele ya ukuta.

"Nipige mimi kwanza."

Melis, kaka mtu, akamrukia na kumkaba koo.

"Unamjibu baba, mjinga wewe?"

Akamtandika ngumi, damu ikaruka puani. Akaongeza ya pili. Macho ya Ulan yakaanza kugeuka.

"Mwachie mume wangu, mbwa wewe!"

Gulzat alikuwa ameingia uani na kuokota bomba la povu la kuzibia maungio. Akammiminia Melis kidevuni. Povu likavimba, likanata kwenye ndevu hadi masikioni, na jitu zima likagaagaa chini likipiga mayowe.

Ulan akakohoa, akatoa simu.

"Baba, sikia alichoniandikia huyu mwezi uliopita: 'Dogo, we jenga, uhame. Wazee na nyumba yao niachie mimi.'"

"Mbona aliniambia umekataa kutulea?"

"Ingia ndani uone."

Mzee akaingia. Kilikuwepo chumba kikubwa kuliko vyote, karibu na jiko, dirisha likitazama zizi la kondoo wa mzee. Kwenye kila paneli yake, chini ya namba ya kiwandani, Ulan alikuwa ameandika kwa penseli: Baba na mama.

Mzee akatoka, akamshushia Melis mpini wa shoka mgongoni, mara mbili.

"Potea machoni pangu!"

Kisha akalitazama tundu ukutani.

"Mwambie mkeo alizibe," akamwambia Ulan.

Miaka mitatu ya ndoa Gulzat hakuwahi kumtazama baba mkwe wake machoni. Leo alimtazama. Akamkabidhi bomba.

"Umetoboa wewe, baba. Ziba wewe."

Watu wakashika vinywa. Mzee akapiga goti, akaziba.

"Hilo limezibika," Gulzat akasema, akigusa kovu lake. "Na hili?"

Mzee Sadyr akavua kofia yake ya sufu, jambo ambalo hakulifanya mbele ya watu hata msibani.

"Nisamehe, mwanangu. Nikirudia, nitoe nje kwa shoka hilihili."

"Nitakutoa."

Gulzat akavua viatu mlangoni, akaingia kwake.