Ticha Aliyemeza Swali

"Dada, niazime kalamu, nitairudisha na asante juu."

"Asante haiandiki, kaka. Irudishe na wino wake."

Walikutana hivyo, kwenye foleni ya fotokopi, watu wamebanana kama vitambaa ndani ya robota. Mwanamke alikuwa mkataji wa sare kiwandani kwa miaka kumi na moja, na wenzake walimwita Mkasi, kwa mikono yake na kwa ulimi wake. Mwanamume alikuwa ticha wa Kiingereza: shati jeupe, kola imepigwa pasi hadi inakata, sauti ya kubembeleza mtoto. Mwezi haukuisha, kila jioni wako meza moja, daftari katikati. Ofisi ilikuwa imetangaza: anayetaka usimamizi wa chumba cha ukataji afaulu kwanza imla ya Kiingereza.

"Andika 'rait'," ticha alisema.

"Ipi? Ya mkono wa kulia, ya haki, ya kuandika, au ile ya ibada?"

"Ndiyo maana nakupenda. Neno tupu halijulikani, laazizi. Lazima lije na sentensi yake."

"Lugha gani hii isiyo na haya? Watoto wanne wanaitika jina moja, halafu anachapwa mgeni!"

Wakacheka mpaka daftari likaanguka.

Siku ya mtihani, nyuma ya meneja aliingia ticha, amekodiwa asubuhi ileile. Akasoma maneno ishirini, matupu, bila sentensi hata moja. Mkasi akanyoosha mkono.

"Samahani, ticha. 'Rait' ipi?"

Ticha akamtazama meneja. Meneja akatazama saa.

"Andika unachosikia," ticha akasema.

Wakataji sita, wote sita chali. Mpwa wa meneja, aliyeingia kiwandani juzi na asiyejua hata kunoa mkasi, akapata ishirini kwa ishirini. Kinyaa kitupu! Wakubwa hawa tunawajua: jana walitunyima kwa cheti, leo kwa imla, kesho watatunyima kwa urefu wa pua.

Simu iliita mara tisa. Ya kumi Mkasi akapokea.

"Mpenzi, nisikilize, nilikuwa natafuta riziki..."

"Usiniite mpenzi kwa mdomo ule. Nikikukumbuka, ni kama nimetafuna sabuni."

"Nifanye nini basi?"

"Uliyonifundisha mezani yaandike, utie sahihi, uyaseme mbele ya watu." Akakata simu.

Siku nne zikapita. Ya tano, saa ya chakula, ticha akaingia kiwandani na barua, akaisoma kwa sauti, kwa Kiswahili: kwamba maneno yale hayapimiki bila sentensi, kwamba alijua, akanyamaza. Hajamaliza, mlinzi akamkunja shati, akamburuta nje. Karatasi ikaanguka. Mkasi akaiokota, akapanda juu ya meza ya kukatia, akasoma mstari uliobaki: "Majibu alipewa mpwa kabla ya mtihani, na ofisi ndiyo iliyompa."

Mpwa bado anasimamia mpaka leo. Uvundo haufukuzwi kwa barua moja.

Lakini siku ile, langoni, Mkasi alimkuta ticha, shati limechanika kwapani.

"Wamenifukuza," ticha akasema.

"Mimi wamenisimamisha kazi."

"Umenisamehe?"

"Bado. Moyo ungali unanichafuka." Akamwekea sawa kola. "Ila nimeona heri nikununie nikiwa mkeo. Jumapili njoo uongee na mama, na uje na sauti."