Nilisikia "Tasa" Katika Zumari la Mume Wangu

Nina miaka ishirini na saba, mzaliwa wa Kaole, na leo naishi chumba cha uani kwa mama yangu hapa Bagamoyo. Khati nilifunzwa na marehemu baba, basi haya nayaandika mwenyewe. Msomaji mwenzangu, nisome mpaka mwisho, kisha unihukumu!

Mume wangu, Mshamu, alikuwa mpiga zumari. Tulikaa miaka minane bila mtoto. Hakuwahi kunisimanga hata siku moja... Lakini je, mwanamke wa hali yangu huhitaji wa kumsimanga? Nilijisimanga mwenyewe kila mwezi, nikifua nguo zangu.

Ilikuwa alasiri, harusi ya mdogo wangu. Watu wamekwisha kula, wapiga ngoma wamepumzika. Mshamu akashika zumari peke yake, akapiga kitu tusichopata kukisikia. Hakikuwa na mwanzo wala kiitikio. Sauti zilikwenda polepole, zikajikunja, zikarudi, na kila ziliporudi, sauti mbili zilishuka, moja baada ya nyingine.

Nanyi mnajua kwetu pwani, zumari halipigwi bure! Kila wimbo una maneno yake. Hata asipokuwapo mwimbaji, watu huyasikia, na mara nyingi ni fumbo la kumchoma mtu. Ua mzima ukatega masikio kuyatafuta, hata askari wa Seyyid, Sultani wa Unguja, waliokuja kula pilau. Mzee mmoja akafuta machozi. Banyani muuza nguo akafumba macho, akatabasamu.

Somo yangu, Bi Mgeni, aliyenifunda nilipovunja ungo, akaniinamia sikioni. "Mwanangu, husikii? Linasema ta-sa... ta-sa..."

Lahaula! Nikasikia. Tangu hapo sikusikia kingine. Wanawake wakanitazama, au nilidhani wananitazama. Nikasimama mbele ya halaiki nikamtaja kwa jina lake: "Tasa ni wewe, Mshamu! Mbegu zako chuya!"

Zumari likakatika. Akasema kwa sauti ndogo kwamba hakutia neno lolote, alipiga mawingu tu yanavyopita. Mawingu! Nilicheka. Nikamtukana tena, na mama yake nikamtia humo humo. Mwanamume angefanya nini mbele ya watu? Akaniacha talaka tatu palepale.

Talaka tatu hazina rejea. Eda ilipokwisha nikaanza kuwauliza waliokuwapo. Yule mzee, ambaye mwanawe alifuata msafara wa pembe za ndovu kwenda bara asirudi, aliniambia zumari lilisema "ka-fa, ka-fa". Banyani hakusikia neno, aliona tu asubuhi ya mvua kwao Bara Hindi. Bi Mgeni nilipombana alilia. Naye hakuzaa maisha yake yote! Nililijua hilo tangu utoto, na siku ile sikulikumbuka.

Mshamu ameoa huko mji wa Saadani. Mwaka huu amepata mtoto wa kike... Basi hata neno nililomrushia lilikuwa langu mwenyewe! Nalia mpaka mama anachoka kunibembeleza. Nimetamani kufa, Mungu anisamehe.

Wanawake wenzangu, heri kujikwaa dole kuliko kujikwaa ulimi. Ukihisi mumeo amekupigia fumbo, rudi nyumbani, funga mlango, umuulize amekusudia nini. Nawasihi, muulizeni! Mimi sikumuuliza. Nilimjibu.