Barua ya Bodi kwa Mhandisi Aminieli

Jumamosi asubuhi Tabitha alikuwa akikatakata mgomba wa kulisha ng'ombe. Mumewe, Aminieli, alikuwa juu ya ngazi akiziba bati la jikoni. Aminieli alikuwa mhandisi wa majengo. Siku za kazi alikuwa ofisini kwake mjini Moshi. Jumamosi alikuwa fundi wa nyumba yake mwenyewe, huku Marangu.

"Baba, kuna barua kwenye koti lako tangu Jumatano," Tabitha alisema. "Imetoka Dar es Salaam. Mbona hujaifungua?"

"Najua ni ya nini."

"Mimi sijui."

Aminieli alishuka, akaifungua. Ilitoka kwenye bodi inayosajili wahandisi. Mzee Eliufoo, mwenyekiti wa kamati ya ujenzi wa zahanati moja kule Kirua Vunjo, alikuwa amemlalamikia. Masika ya mwaka ule, 2001, ukuta wa kuzuia udongo nyuma ya zahanati ulianguka. Kwa bahati nzuri hakuna aliyeumia. Mzee Eliufoo alisema mambo mawili: mhandisi alichora ukuta vibaya, na hakusimamia kazi.

Tabitha alikaa chini. "Wanaweza kukunyang'anya leseni?"

"Wanaweza. Na bila leseni sina kazi." Aminieli alianza kuvaa koti. "Ninakwenda kwa huyo mzee sasa hivi. Afute maneno yake!"

"Kwa hasira hizo? Twende kwanza kwa Elinipendo."

Elinipendo alikuwa jirani yao. Alikuwa wakili mjini, na mwisho wa juma alirudi nyumbani. Walimkuta akianika kahawa. Alifuta mikono, akaisoma barua mara mbili.

"Kaka Aminieli, wamekupa siku ishirini na moja za kujibu. Tisa zimekwisha tangu tarehe ya barua."

"Nilitaka ninyamaze tu. Yatapita."

"Hayapiti. Ukinyamaza, wataamua bila kukusikia. Malalamiko si hukumu, ni maneno ya upande mmoja. Wewe nawe una haki ya kusikilizwa, lakini lazima useme."

"Na Mzee Eliufoo?"

"Usimfuate. Ukimfokea au ukimbembeleza, umejiongezea kosa jingine. Mtakutana mbele ya bodi. Jumatatu nitafutie michoro na daftari la kazi."

Jumatatu jioni Aminieli alimpelekea Elinipendo ofisini kwake michoro na daftari. Lilikuwa limepigwa na vumbi la saruji. Ukurasa mmoja ulikuwa wa tarehe 14 Februari. Aminieli alikuwa amemwandikia mjenzi, fundi Sifael: "Matundu ya kutolea maji ukutani hayatoshi. Ongeza kama mchoro unavyoonyesha kabla ya kujaza udongo." Chini yake Sifael alikuwa ameweka sahihi.

"Vizuri sana!" Elinipendo alisema. "Ulirudi lini kuangalia kama aliongeza?"

Aminieli alitazama sakafu. "Sikurudi. Nilipata kazi nyingine Bomang'ombe." Akaonyesha chini ya sahihi. "Lakini hapa chini pana nafasi. Nikiandika kwamba nilirudi Machi, nani atajua?"

Elinipendo alilifunga daftari, akaliwekea mkono juu.

"Wewe utajua. Sifael atajua. Leo una kosa la kutorudi. Ukiandika uongo utakuwa na kosa la kughushi, na hapo leseni itakwenda kweli. Mimi nami sitakusaidia tena."

Aminieli alijifuta jasho usoni. "Kwa hiyo niseme kosa langu mwenyewe?"

"Uliseme lilivyo. Usilipunguze, usiliongeze."

Wiki ile waliandika majibu. Walijibu hoja moja, kisha nyingine. Walitoa nakala za michoro na za ukurasa ule, na daftari lenyewe likabaki kwa Aminieli. Barua waliituma kwa rejesta, wakatunza risiti. Ilifika kabla siku hazijaisha.

Baada ya miezi miwili bodi iliwaita wote Dar es Salaam, pamoja na fundi Sifael. Aminieli alisafiri na Elinipendo. Mlangoni alimkuta Mzee Eliufoo.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba," mzee alijibu, akatazama pembeni.

Ndani, wajumbe waliutandaza mchoro mezani. Matundu yote yalikuwemo. Kisha wakasoma ukurasa wa daftari. Mzee Eliufoo alivaa miwani yake.

"Karatasi hii sikuwahi kuonyeshwa," alisema.

"Ni kweli, mzee," Aminieli alisema. "Nilimwandikia fundi peke yake. Nanyi nilipaswa kuwapa nakala. Tena nilipaswa kurudi kukagua, na sikurudi. Hapo nilikosa."

Mjumbe mmoja alimgeukia fundi Sifael. "Sahihi hii ni yako?"

"Ni yangu. Mabomba ya kuweka kwenye matundu yalikwisha. Nikaona ukuta utasimama tu."

Wote walitolewa nje kusubiri. Walipoitwa tena, mwenyekiti wa bodi alisoma uamuzi polepole. Mchoro ulikuwa sahihi. Ukuta ulianguka kwa sababu maji yalikosa pa kutokea. Mhandisi alionywa kwa maandishi kwa kutorudi kukagua. Leseni yake ilibaki.

Elinipendo alimshika Aminieli kiwiko. "Pumua, kaka. Yamekwisha."

Kesho yake jioni Tabitha alikuwa akimngoja stendi ya Moshi. Aliposhuka tu kwenye basi, alimsoma usoni.

"Ipo?"

"Ipo! Wamenionya, na walikuwa na haki." Walicheka mpaka watu wakawageukia. Usiku ule Aminieli alilala mpaka jua likachomoza, jambo ambalo hakuwa amelifanya kwa miezi mitatu.

Tangu hapo Aminieli hakuacha barua bila kufungua. Kila agizo aliliandika nakala tatu: ya fundi, ya mwenye jengo na yake. Na kila agizo alilipangia siku ya kurudi kukagua.

Mwezi uliofuata mtu alibisha hodi ofisini kwake. Alikuwa Mzee Eliufoo, kofia mkononi.

"Mhandisi, tunataka kuujenga upya ule ukuta. Kamati imekutaja wewe."

"Mimi, mzee?"

"Wewe. Ulisema kosa lako mbele yangu. Wengine wangenisingizia mimi. Ila safari hii, utarudi kukagua?"

Aminieli alimvutia kiti. "Nitarudi, mzee, mpaka mnichoke."